Karatasi Moja kwa Wiki: Sahifa, Al-Islah na Nathari ya Mombasa

Mwaka 1930 Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa mjini Mombasa karatasi moja ya kila wiki, iliyoandikwa pande zote mbili, akaiita Sahifa. Alikuwa na umri wa miaka 39, na kazi ya kuandika na kuhariri aliibeba mwenyewe. Mwaka 1932 ikafuata al-Islah, gazeti la kila wiki lililobeba Kiswahili na Kiarabu, na kufikia 1933 nalo lilikuwa limekwisha. Tukiyapima magazeti kwa umri, haya mawili hayana pa kusimama. Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923, lilidumu miongo kadhaa, na Baraza la Nairobi, lililoanza 1939, liliishi karibu miaka 40. Hata hivyo, kila anayeandika historia ya Uislamu katika Afrika Mashariki hulazimika kusimama mbele ya karatasi hizi za Mombasa. Sababu inayotolewa kwa kawaida ni kwamba ndizo zilizoleta pwani ya Kiswahili mawazo ya islahi, yaani mageuzi ya dini, yaliyokuwa yakivuma Cairo. Naikubali sababu hiyo, lakini naiona nusu tu ya jambo. Mawazo ya Cairo yalikuwa yakifika Mombasa na Zanzibar kwa meli, katika majarida ya Kiarabu, na mwanachuoni aliyetaka kuyasoma aliyasoma. Kilichokuwa hakijawahi kutokea ni mwanachuoni wa cheo cha al-Amin kukaa chini kila wiki, akaandika kwa Kiswahili cha kila siku, kwa nathari, juu ya jambo lililokuwa likiwasumbua watu wa mji wake wiki ile ile. Mageuzi makubwa ya Sahifa yalikuwa katika namna ya kusema na watu, na hayo ndiyo yaliyobaki baada ya gazeti kufa.

Ili uzito wa hatua hiyo uonekane, tuangalie maulamaa wa pwani walikuwa wakiandika vipi kabla yake. Walikuwa na njia mbili. Walipoandikiana wao kwa wao, katika fiqhi, tauhidi au nahau, waliandika kwa Kiarabu, na ndivyo alivyoandika hata baba yake al-Amin, Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, aliyefariki mwanawe akiwa bado mdogo sana. Walipotaka kusema na watu wote, waliandika mashairi na tenzi. Sheikh Muhyiddin al-Waili alitunga kwa Kiswahili katika karne ya 19, na Sayyid Mansab wa Lamu, aliyefariki 1922, aliigeuza Maulidi ya Barzanji kuwa mashairi ya Kiswahili. Mpango huu haukuwa na upungufu wa akili wala wa bidii. Karatasi ilikuwa adimu na wajuao kusoma walikuwa wachache. Shairi lenye vina na mizani lilijilinda lenyewe kichwani mwa msikilizaji na likasafiri kutoka kisiwa hadi kisiwa bila kuhitaji kunakiliwa. Mombasa yenyewe ilikuwa na Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840, ambaye beti zake zilijibizana na maadui wa mji kuhusu vita na siasa wakati mambo yenyewe yakiendelea. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba ushairi haukujua kuzungumza mambo ya wakati wake. Ulijua, na kwa ukali. Ila shairi hukemea, husifu, huomboleza na hujigamba vizuri zaidi kuliko linavyoeleza sababu ya jambo hatua kwa hatua, likikiri shaka, likirudi nyuma kusahihisha, likimwambia msomaji kwamba sababu ya kwanza haitoshi na kuna ya pili. Kazi hiyo inataka nathari, na nathari ya Kiswahili iliyotoka katika kalamu ya mwanachuoni, ikiwa na hoja yake yenyewe na kukusudiwa watu wote, ilikuwa haba mno.

Na Mombasa ya 1930 ilikuwa na mengi yaliyohitaji kuelezwa. Reli ilianza kujengwa kutoka hapo mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901. Muda mfupi baadaye makao ya serikali yakahamia Nairobi, na mji uliokuwa lango na kichwa cha nchi ukabaki lango tu. Utumwa ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1907, na mashamba ya minazi na nafaka yaliyotegemea kazi ya watumwa yakapoteza mikono. Mwaka 1920 bara likafanywa koloni, huku ukanda wa pwani ukiendelea kuitwa himaya, milki ya Sultani wa Zanzibar kwa jina, inayotawaliwa na Waingereza kwa vitendo. Gati za kina kirefu za Kilindini zilianza kutumika 1926, na zikaleta kazi ambayo wengi wa wenyeji wa Mji wa Kale hawakuifanya. Juu ya hayo yote, serikali iliwagawa watu kwa daraja. Mwarabu alihesabiwa upande mmoja wa sheria, na Mswahili wa Thenashara Taifa, yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, ambaye huenda waliswali naye safu moja, wakaoana na kuzikana, alihesabiwa upande wa pili pamoja na wenyeji wa bara. Manung'uniko ya Thenashara Taifa yakazaa chama chao, Afro-Asian Association, mwaka 1927. Kugawanyika huku kulikuwa kupya, na hakuna utenzi uliokuwa umeandaliwa kukueleza.

Lakini jambo ambalo nadhani linaonyesha kwa karibu zaidi haja ya nathari ni ardhi. Sheria ya hatimiliki ya 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi ya pwani alete dai lake lipimwe na kuandikwa. Ardhi ambayo haikudaiwa na yeyote ikahesabiwa kuwa ya serikali. Aliyedai akashinda alipewa karatasi, na karatasi hiyo ilibadilisha tabia ya ardhi kabisa. Zamani shamba lilikuwa mali ya ukoo, mahali pa makaburi na minazi iliyopandwa na babu, na kuliuza kulihitaji maneno mengi ya watu wengi. Sasa lilikuwa jina moja kwenye hati moja, na hati inawekwa rehani asubuhi moja dukani kwa mkopeshaji ili kulipia arusi au matanga, na ikishindikana kulipa, shamba limekwenda. Mjini mambo yalichukua sura ambayo mtu wa Mombasa anaijua mpaka leo, hasa katika mtaa wa Majengo: nyumba ni yako, umeijenga wewe, unaweza kuiuza na kuirithisha, lakini kiwanja kilicho chini yake ni cha mwingine na unamlipa kodi kila mwezi. Nyumba bila ardhi. Mtu aliyezaliwa katika ukoo wenye mashamba angeweza kujikuta anaishi hivyo akiwa mtu mzima, bila kuona siku hata moja ambayo alinyang'anywa kitu kwa nguvu. Mambo kama haya hayaelezeki kwa laana dhidi ya mkoloni peke yake, wala kwa kumlilia Mola peke yake. Yana mlolongo: sheria, hati, deni, fahari ya arusi, mauzo. Anayetaka watu wauone mlolongo huo inabidi awapitishe kiungo baada ya kiungo.

Hivyo ndivyo al-Amin alivyofanya kazi katika Sahifa. Alikuwa amesoma Mombasa na Zanzibar, kwa walimu wakubwa wa zama zile, Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir, na alikuwa msomaji wa mwanaislahi Muhammad Abduh na wa al-Manar, jarida la Rashid Rida lililotoka Cairo. Elimu yake ingemtosha kuandika vitabu vya Kiarabu maisha yake yote, na historia ya ukoo wa Mazrui kweli aliiandika kwa Kiarabu. Katika Sahifa alichagua mambo ya chini kabisa. Aliandika juu ya watu kuuza ardhi zao, juu ya gharama za arusi na matanga, juu ya vijana kuiga mavazi na starehe za Kizungu, juu ya uvivu, juu ya haja ya elimu, ya watoto wa kike nao, juu ya wazazi wanaowapeleka watoto shule za misheni kisha wakashangaa matokeo. Namna yake ya kuhoji ilikuwa na mtego ndani yake. Hakuanza kwa kumlaumu Mzungu. Aliwaambia wasomaji wake kwamba Mzungu ana mambo mawili, yanayofaa na yasiyofaa: ana elimu, umoja, mpango na bidii, na ana ulevi, dansa na mavazi, kisha akawauliza kwa nini katika mawili hayo wao wameokota la pili wakaliacha la kwanza. Swali hilo linauma kwa sababu linakubali nusu ya fahari ya mtawala, na papo hapo linamwondolea msomaji udhuru wa kusema kwamba ameshindwa kwa kuwa ametawaliwa. Mtu anaweza kukataa jibu lake, na mimi mahali pengine naona lina ukali uliozidi, kwa sababu bidii haingeirudisha ardhi iliyokwisha kuandikwa kwa jina la mwingine. Lakini huwezi kulikataa bila wewe pia kutoa hoja, na kumlazimisha msomaji atoe hoja ndiyo kazi ya nathari.

Hapa kuna pingamizi linalostahili jibu la kweli. Nathari ya Kiswahili katika magazeti haikuanza Mombasa mwaka 1930. Wamisionari wa Magila walikuwa na Habari za Mwezi tangu miaka ya 1890. Kiongozi lilitoka Tanga kuanzia 1904, chini ya shule ya serikali ya Kijerumani, na Pwani na Bara la Walutheri likafuata 1910. Walimu na makarani wa Kiafrika waliandika humo, tena waliandika vizuri, na Mambo Leo likaendeleza kazi hiyo kwa wasomaji wengi zaidi. Yote ni kweli, na historia ya nathari yetu haiwezi kuandikwa bila wao. Lakini katika magazeti hayo mwenye mashine na mwenye neno la mwisho alikuwa misheni au serikali, na mwandishi wa Kiafrika alijua mipaka yake kabla hajachovya kalamu. Isitoshe, yalikuwa yakiwavuta Waswahili wa pwani kuelekea kiti kingine cha elimu, kile cha shule ya Kizungu, na nathari yenyewe ikaanza kunukia shule hiyo. Mwislamu wa Mombasa aliweza kudhani kwamba kuandika Kiswahili bila vina ni jambo la misheni. Sahifa iliivunja dhana hiyo. Mtu aliyesomea misikitini, aliyeijua Qur'ani na sarufi ya Kiarabu, alichukua chombo hicho hicho akakitumia kwa madaraka yake mwenyewe, katika Kiswahili cha mji wake. Ikumbukwe pia kwamba miaka miwili tu kabla ya hapo, mwaka 1928, mkutano wa maofisa uliofanyika Mombasa kwenyewe ulikuwa umeamua kwamba Kiswahili sanifu kifuate Kiunguja, na Kimvita, lugha ya Muyaka, kikawekwa kando ya vitabu vya shule. Sidai kwamba Sahifa ilianzishwa kujibu uamuzi huo. Nasema tu kwamba katika miaka ambayo wengine walikuwa wakiamua nathari ya Kiswahili iweje, mwanachuoni wa Mombasa aliiandika bila kungoja ruhusa yao.

Wapo wanaosema alikuwa mwigaji wa Cairo tu, na kwamba al-Islah lilikuwa al-Manar lililopunguzwa. Uhusiano upo na yeye hakuuficha. Zaidi ya hayo, hakuwa wa kwanza pwani kuwa na gazeti lenye roho hiyo: Zanzibar ilikuwa na al-Najah, gazeti la Kiarabu, tangu 1911, na al-Falaq la chama cha Waarabu lilianza 1929. Lakini al-Manar liliwasemesha wasomi wa dunia nzima ya Kiislamu juu ya ukhalifa, tafsiri na sheria. Mtu anayeandika juu ya mashamba ya Mombasa kuuzwa na juu ya gharama za arusi za mtaa wake hawezi kunakili kutoka Cairo, kwa sababu Cairo haikuwa na habari za mtaa huo. Alichokichukua kutoka Misri ni ujasiri kwamba alimu anaruhusiwa, tena anawajibika, kuyaingilia mambo haya. Yaliyomo aliyaokota barazani.

Swali gumu zaidi ni la wasomaji. Karatasi moja, mji mmoja, watu wengi wasiojua kusoma: ni nani aliyefikiwa? Ni lazima nijibu kwa tahadhari, kwa sababu idadi ya nakala haithibitishi mengi hata inapojulikana. Mji wa Kale wa Mombasa ni mji wa mabaraza, yale makao ya mawe yaliyo nje ya milango, ambako wanaume hukaa baada ya alasiri na baada ya isha, na habari ya mmoja huwa habari ya wote. Karatasi fupi iliyo katika lugha ya kusemwa husomwa kwa sauti mara moja na kujadiliwa kwa saa nzima. Ufupi wake ulifaa mazingira hayo kuliko kitabu. Tena kuna ushahidi wa nje: mwaka 1944 makala za Sahifa zilikusanywa na kutolewa kama kitabu, Uwongozi, na kitabu hicho kimechapishwa tena baadaye. Makala za gazeti dogo lililosahauliwa hazikusanywi baada ya zaidi ya miaka 10, tena katikati ya vita vikuu, kama hakuna anayezitaka. Hapo hapo pana hatari kwa mtafiti. Sisi wa leo twaisoma Sahifa kupitia Uwongozi, na aliyekusanya alichagua. Kitabu huhifadhi kilichoonekana kuwa cha kudumu; habari ndogo za wiki na majibu kwa wapinzani huwa vya kwanza kuachwa. Kwa hiyo picha tuliyonayo ya mwandishi mtulivu anayetoa nasaha huenda imelainishwa. Naamini gazeti lenyewe lilikuwa na vumbi zaidi la ugomvi, kwa sababu aliyashambulia mambo ambayo maulamaa wengine na watu wa kawaida waliyapenda na kuyatetea.

Kwa nini basi magazeti haya yalikwisha upesi hivyo? Gazeti linaloandikwa na mtu mmoja huishi kadiri mtu huyo anavyopata nafasi. Mwaka ule ule wa 1932, al-Islah lilipoanza, Sheikh al-Amin aliteuliwa kuwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, kazi aliyoishika mpaka kufariki kwake mwaka 1947. Kadhi anasikiliza mirathi na talaka za watu wote, pamoja na wale aliokuwa akiwakemea, na mshahara wake unatoka serikalini. Wapo wanaoona hapa kuridhiana: mkosoaji amepewa kiti, akanyamaza. Siioni hivyo. Aliendelea kuandika, ila sasa kwa umbo la vijitabu vya mafunzo ya dini na kazi ya kuifasiri Qur'ani kwa Kiswahili. Kasi ya kila wiki ilipotea, na pamoja nayo ukapotea ule mguso wa jambo la juzi, na hiyo nakiri ni hasara. Nathari yenyewe haikupotea.

Na ni katika kazi ya Qur'ani ndipo hoja yangu inapata nguvu. Tafsiri ya kwanza kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili ilikuwa ya mmisionari, Godfrey Dale, iliyotoka 1923 ikiwa na maelezo ya kuupinga Uislamu. Maulamaa wengi waliiona hatari iliyomo, lakini jibu la desturi lingekuwa kuwazuia watu wasiisome. Al-Amin alianza tafsiri yake mwenyewe, iliyochapwa kwa sehemu baada ya kufa kwake, na mwanafunzi wake Sheikh Abdalla Saleh Farsy akaikamilisha nia hiyo kwa Qurani Takatifu yake ya mwaka 1969, inayosomwa hadi leo kuanzia Lamu hadi Kigoma. Mwanafunzi mwingine, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alirudi kwenye gazeti hasa, akatoa Sauti ya Haki mjini Mombasa katika miaka ya 1970. Ukiwasoma wote wawili unaona mwandishi anayemkabili msomaji ana kwa ana, anayetaja pingamizi na kulijibu, anayeona haya kujificha nyuma ya Kiarabu. Si Cairo iliyowafundisha kuandika Kiswahili namna hiyo.

Limebaki pingamizi moja ambalo silimalizi kwa urahisi. Nathari ya Sahifa husema "sisi" mara kwa mara, na ni haki kuuliza ni akina nani hao. Wakati mwingine ni Waislamu wote, wakati mwingine ni Waarabu na Waswahili wa mji, na Mmijikenda aliyekuwa akilima ardhi iliyoandikwa kwa jina la mwingine, au mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru mwaka 1907, huonekana humo kwa nadra. Masikitiko juu ya ardhi iliyouzwa ni masikitiko ya aliyekuwa nayo. Vyombo hivyo vya hoja vingeweza kutumika kuuliza ardhi ile ilipatikanaje hapo mwanzo, navyo havikutumika hivyo. Tatizo hilo lilirudi kwa sura ya siasa miaka 30 baadaye, wakati wa vuguvugu la Mwambao, pale watu wa pwani walipogawanyika kati ya kubaki na Sultani, kujitenga au kuingia Kenya. Ripoti ya kamishna Robertson ya 1961 ilipendekeza ukanda huo uunganishwe na Kenya, na makubaliano ya Oktoba 1963 yakafanya hivyo, yakihifadhi mahakama za kadhi. Kiti cha Kadhi Mkuu, ambacho al-Amin alikikalia kwa miaka 10, kikashikwa mwaka huo na Muhammad Kasim, na mgogoro wa ardhi ya pwani ukaingia katika nchi mpya bila kutatuliwa.